Gogo Lililokula Chuma

Siku ile tulikuwa watu watano wa kutaja. Mimi mwenyewe. Wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye nimezeeka naye kwenye uwanja mmoja kule Mbuba, tukigombania kuni asubuhi na kula sahani moja jioni. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, ndiye aliyetualika. Msimamizi wa kiwanda, mtu wa Nyanda za Juu Kusini, hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu, ila kabla ya chakula cha mchana nilishamwita mwanangu. Na mkubwa wa kiwanda, ambaye alikuja baadaye na ambaye wote walikuwa wakimwogopa isipokuwa wifi yangu.

Majina yao yote ninayo. Ninalo hata la mlinzi wa getini na la mbwa wake. Ila mjukuu amenikataza. "Bibi, andika mambo, majina yaache kichwani." Haya, yamekaa kichwani.

Huyu mjukuu anafanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha kupasua mbao upande wa Biharamulo, na amepanga chumba Nyamahanga. Alianza kwa kubeba mabanzi, yale magamba ya gogo yanayotupwa pembeni mbao zikitolewa. Mwaka mzima, mabanzi. Jioni akawa anabaki kumtazama mzee aliyekalia kiti cha msumeno, mpaka yule mzee akamfundisha. Basi mzee alipostaafu, kiti kikabaki wazi, na wanaume wakawa wanasema mwanamke hakiwezi. Akanipigia simu.

"Bibi, wanaalika wazazi waone kazi. Siku hiyo hiyo nitakalia msumeno mbele ya mkubwa. Nikipasua vizuri, kiti changu. Nikiharibu, narudi kwenye mabanzi."

"Nani atanishika mkono mpaka huko?"

"Njoo na wifi yako."

"Huyo atanishika au nitambeba?"

Wifi alikuwa amekaa pembeni akitoa maharage maganda, akapaza sauti, "Mwambie nimesikia!"

Tukaenda. Tulichukua ndizi za kuchemsha, dumu la mutobe, yaani juisi ya ndizi mbivu tunayokamua kwa majani, na mimi nikavaa kitenge cha Pasaka. Usiku sikulala vizuri kwa furaha. Nieleze kwa nini. Mume wangu alikuwa mpasuaji wa shimo. Vijana hawajui: unachimba shimo refu kupita mtu, gogo unalilaza juu yake, mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake anaingia shimoni, na msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao. Wangu alikuwa wa chini. Alirudi nyumbani kope zimejaa unga wa mbao, namwosha macho kwa maji ya uvuguvugu kama mtoto. Mbao chache tu, siku nzima imekwisha. Nikasema kabla sijafa nikaone hiyo mashine inayofanya kazi yake bila kumtia mtu shimoni.

Getini tukapewa kofia ngumu. Wifi alivalishwa ya njano juu ya kilemba, ikawa kama sufuria imekaa juu ya figa. Nikacheka mpaka nikashika nguzo.

"Jicheke mwenyewe," akaniambia. "Wewe unafanana na uyoga."

Msimamizi akaja mbio. "Shikamooni, bibi zangu!"

"Marahaba, mwanangu. Tuonyeshe."

Jamani, lile eneo! Magogo yamelala kama ng'ombe mnadani, mninga huku, mkora kule, na mengine makubwa kiasi kwamba wifi aliposimama nyuma yake nilimwona kofia tu. Kila gogo kwenye kichwa chake limegongwa nyundo ya watu wa misitu, alama na namba. Mashine ya magurudumu yenye mikono kama kaa inakwenda, inafumbata gogo, inalinyanyua na kulizungusha hewani kama mama anavyomgeuza mtoto aliyejichafua. Nilipiga makofi. Sikuona aibu.

Nikawa natembea nikiyagusa. Mume wangu alinifundisha kusoma gogo kabla mimi sijasoma hata barua. Hili lilikua penye mwamba, angalia lilivyobanana. Hili liliunguzwa na moto likiwa dogo. Msimamizi akawa anasema, "Bibi, wewe ni mtaalamu!" Nami navimba kichwa ndani ya kofia yangu.

Tukafika kwenye mninga mmoja mnene. Nikauliza, "Hili limetoka wapi?"

"Ile safu yote imetoka upande wa Benaco, bibi. Mashamba ya watu."

Ubavuni niliona kovu limefumba, kama mdomo wa mtu aliyekatazwa kusema. Na kwenye kichwa cha gogo, usawa wa lile kovu, kulikuwa na doa jeusi, weusi wa wino, limefuata nyuzi za mti. Mume wangu alinionyesha doa kama lile mara moja tu na sikulisahau. Miaka ile ya wakimbizi waliovuka mpaka, Benaco ilikuwa imejaa maturubai mpaka usione majani. Watu walifunga hema zao popote paliposimama mti. Walipigilia misumari, walizungushia waya. Baadaye watu wakaenda, maturubai yakaenda, mti ukabaki na msumari, ukaendelea kunenepa, ukaufunika. Wapasuaji wa shimo kwetu wanasema mti huo umekula chuma. Ukitia msumeno hapo, unakatika.

Nikamgeukia msimamizi. Nyuma yetu mashine inanguruma. Nikagonga gogo kwa kiganja nikasema kwa nguvu, "Mwanangu, hili limekura chuma!"

Na hapa ndipo kosa lilipo, na kosa ni la ulimi wangu. Sisi kwetu L na R ni ndugu wa tumbo moja, wanaazimana nguo. Yeye mtu wa kusini, na ngurumo ile, akasikia jingine. Akatabasamu meno yote.

"Kweli kabisa bibi! Limekuwa chuma! Mninga wa Kagera si mchezo!"

Akaligonga naye. Akamwita mwenzake, "Njoo usikie, bibi anasema hili limekuwa chuma!" Wote wakafurahi. Mimi nami nikafurahi. Nikajua wameelewa, wataliweka kando. Watu wa mashine wana njia zao, nikasema, mimi ni nani wa kuwafundisha mara mbili?

Akatuingiza ndani.

Sijui nianzie wapi. Msumeno wenyewe ni mkanda wa chuma usio na mwisho, umezungushwa kwenye magurudumu mawili, moja juu moja chini, kila moja linanipita kimo. Maji yanaudondokea ili usipate moto. Gogo linafungwa kwenye kitoroli juu ya reli, na kitoroli kinalipeleka kwenye meno. Na mbele yake, kwenye kibanda cha vioo, kiti kile. Na kwenye kiti, mjukuu wangu! Amevaa viziba masikio vikubwa kama vikombe, mikono yote miwili kwenye vyuma vya kuendeshea. Hakututazama. Alikuwa anatazama gogo kama padri anavyotazama kikombe.

"Yule ni wako?" wifi akanipigia kelele sikioni.

"Ni wetu!"

"Leo ni wetu. Akivunja mashine atakuwa wako."

Mkubwa wa kiwanda akaingia, mikono nyuma, akasimama kwenye mstari wa njano tuliokatazwa kuuvuka. Hakusalimia mtu. Wifi akamwendea, "Hujambo baba?" Akashtuka, akasema, "Shikamoo mama." Akasalimia.

Gogo la kwanza likaja. Msumeno ukaligusa, ukalia sauti nyembamba, na banzi likaanguka kama ganda la ndizi. Ndani, mninga mwekundu wa kahawia, unang'aa, harufu ikatufikia, ile harufu ya nguo za mume wangu. Kitoroli kikarudi, kikaenda, ubao. Kikarudi, kikaenda, ubao. Salamu Maria moja haijaisha, mbao zimetoka ambazo shimoni zingemaliza Jumatatu na Jumanne. Nilikuwa naruka, mimi mwenye magoti haya. Nikamwambia mume wangu moyoni, tazama, tazama damu yako imekaa juu, haiko chini tena.

Mkubwa akatikisa kichwa kidogo kwa kukubali. Akainua kidole: moja lingine.

Gogo la pili likapanda kwenye kitoroli. Vyuma vikaligeuza, likatulia. Na ubavu uliotazama msumeno ulikuwa na lile kovu lililofumba.

Nikamvuta msimamizi shati. "Hilo limekura chuma! Chuma!"

Akaniinulia kidole gumba. "Limekuwa chuma, bibi! Sasa uone msumeno wetu!"

Kitoroli kikaanza kwenda. Nikapiga kelele jina la mjukuu, nikasema kwa Kihangaza chetu, nikasema kwa kila nilichonacho. Vioo, viziba masikio, mashine. Asingesikia hata parapanda. Msumeno wa shimo ukikatika unamkata mtu mkono. Huu wenye mbio za upepo ukikatika mbele ya mtoto wangu utafanyaje?

Basi nikaivua ile kofia ngumu nikaitupa. Ikabingirika mpaka kwenye mstari wa njano. Nikajitwisha mikono yote miwili kichwani.

Kwetu hilo halifanywi. Mtoto akijitwisha mikono kichwani akicheza anachapwa: unamlilia nani, nani amekufa? Mwanamke mzima hafanyi hivyo ila mbele ya maiti. Wifi aliponiona, hakuuliza. Alitupa yake akajitwisha naye. Tukasimama pale, vikongwe wawili wenye kilio.

Mjukuu aliona kofia inabingirika. Akainua macho, akatuona. Sikumwona akifikiri. Mkono wake ulipiga kitufe chekundu, na kile kiwanda chote kikaanza kuzima, ngurumo ikashuka, ikashuka, mpaka tukasikia maji yanadondoka. Kati ya kovu na meno ya msumeno pangepita kiganja changu, si zaidi.

Mkubwa akasema taratibu, "Nani amesimamisha mashine?"

Mjukuu akatoka kibandani, viziba masikio shingoni. "Mimi."

"Kwa nini?"

"Bibi zangu wamejitwisha mikono."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mkubwa hakucheka. Niliona uso wa mjukuu, ule uso wa mtu anayeyaona mabanzi yake yanamngoja. Nikavuka mstari wa njano. Nikaweka kidole kwenye kovu nikasema pole pole, kama namfundisha mtoto katekisimu, "Mti. Umekula. Msumari. Umo tumboni."

Msimamizi akajishika mdomo. "Bibi! Ulisema limekula?"

"Nimesema limekura tangu kule nje!"

"Mimi nilisikia limekuwa!"

Wakaleta shoka na patasi. Wakachimba pale pale. Vibanzi vya kwanza vilitoka vyekundu, kisha vikaja vyeusi kama vimelowekwa wino, kisha patasi ikasema *ting*. Sauti ile ndogo! Watu wote walisema "Aaah!" kwa pamoja kama goli limefungwa. Wakautoa kwa koleo, msumari wa inchi sita, umepinda, na kipande cha waya kimeuzunguka mara mbili bado kimekaza, kama vile aliyefunga hema yake alikuwa ndani analala.

Mkubwa akaushika, akaugeuza. Akautazama ule mkanda wa msumeno, akakitazama kile kibanda cha vioo. Akamwambia mjukuu, "Rudi ukae. Hicho kiti usikiache." Kisha akasema leteni gogo lingine, na ya Benaco yote yawekwe upande mmoja yakaguliwe.

Wifi alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Burundi. Mimi nilikuwa natafuta kofia yangu.

Tulikula ndizi zetu chini ya paa la kukaushia mbao, na wafanyakazi wakamaliza mutobe. Kila aliyepita alikuwa ananiiga, "Limekura! Limekura chuma!" nami nawajibu, "Cheka, meno yako bado unayo." Msumari nilipewa. Uko dirishani kwangu.

Mjukuu bado amekalia kiti. Juzi kwenye simu ameniambia kwamba wakikuta gogo lenye doa jeusi wanaliandika kwa chaki ili msumeno usiliguse, na neno wanaloandika ni LIMEKURA. Na R kabisa. Msimamizi mgeni alitaka kulirekebisha, wakamkatalia.

Sasa wifi amesikia nikisoma haya anasema nimekosea. Anasema waya ulizunguka mara tatu, na kwamba ni yeye aliyejitwisha mikono kwanza. La pili si kweli. La waya, sijui. Waliokuwepo wanisahihishe, nitafuta niandike upya. Na wewe uliyelala Benaco miaka ile, ukafunga hema yako kwenye mninga wa mtu, kama unakumbuka ulizungusha waya mara ngapi, niambie. Wifi nitamkubalia ukisema wewe.