Mdoli wa Bi Mizani

Mtaa mzima ulimwita Bi Mizani, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Kwa miaka kumi na minane alitengeneza mizani ya kupimia watoto wachanga, katika karakana yenye madirisha marefu, ambamo jua la alasiri liliingia taratibu na kujilaza sakafuni kama paka mwenye nyumba yake. Mafundi wanne, redio ya chinichini, basi. Ukikaa humo saa nzima unasahau ulichofuata.

Kila mizani ilihakikiwa kwa mawe rasmi yenye vyeti. Kisha, kabla haijafungwa kwenye boksi, Bi Mizani alilaza juu yake mdoli wa kitambaa aliyejazwa mchanga, akasubiri namba zitulie. Jambo hilo halikuandikwa popote. Mdoli alishonwa awe na gramu elfu mbili na mia moja, uzito wa mwanawe wa kwanza, aliyeishi siku moja na kuzikwa bila hata cheti cha kuzaliwa. Mafundi walijua. Saa ya mdoli walipunguza redio.

Ndipo wakapata mnunuzi ng'ambo, kwenye nchi ambako hata bandeji haiingii hospitalini bila faili. Faili lao lilimla shemeji ya Bi Mizani, mdogo wa mumewe aliyeshika makaratasi ya karakana, miaka miwili. Likabaki jambo moja: mkaguzi wa huko. Akiridhika, kazi ipo tele. Akikataa, mafundi wawili watarudi nyumbani, na kila mtu alijua ni akina nani.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya kubembelezea mtoto. Alipitia hatua moja moja, akitia alama. Alipofika kwenye meza ya kufungia, akasimama mbele ya mdoli.

"Na huyu?"

Shemeji alimnong'oneza Bi Mizani. "Shemeji, sema ni wa mjukuu, kamsahau hapa. Yaishe."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini silo lililomzuia. Kusema hivyo kungekuwa kumkana mtoto mbele za watu, na hilo hakuliweza.

"Ni mwanangu," akasema, akaeleza yote bila haraka, kama mtu anayesimulia ndoto kabla haijampotea.

Mkaguzi aliishusha kalamu. "Pole, mama. Lakini chochote kinachopanda kwenye mizani yenu lazima kiwe na namba na uzito uliothibitishwa. Ama kitoke humu, ama kisajiliwe. Na kikisajiliwa, kila mwaka kipelekwe kupimwa."

"Kila mwaka?"

"Bila kukosa."

Bi Mizani, ambaye hakuwahi kumpeleka mtoto yule kliniki hata mara moja, alikubali kabla shemeji hajafungua mdomo.

Wakapewa mwezi mmoja kurekebisha. Mdoli akaenda maabara ya vipimo, akarudi na namba shingoni na cheti chenye muhuri, na kibali cha kuuza kikafuata wiki ileile. Mafundi wote wanne walikuwepo shemeji alipokisoma cheti kwa sauti. Gramu elfu mbili na themanini na tatu. Miaka yote hiyo mchanga ulikuwa ukivuja kwenye mshono.

"Kapungua, shemeji," alisema kwa unyonge. "Gramu kumi na saba."

Bi Mizani alimchukua mdoli, akampakata.

"Wachanga wote hupungua kidogo siku za mwanzo," akasema. "Mwakani tutampeleka tena."