Niliposema Nimegonga Matimba Yote

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, ambayo hata marehemu bibi yako, mama yangu mzazi, sikumsimulia yote. Na wewe nisingekusimulia, maana aibu yake bado ninayo. Lakini juzi ulinikalisha ukaniwekea hizo katuni za Kijapani mnazoziita anime, na pale yule mwalimu wa upanga alipotupa silaha yake akajificha nyuma ya ukuta, wewe ukacheka ukasema kumbe naye muoga tu. Nikanyanyuka nikaenda zangu uani, ukadhani nimechoka kutazama. Nilikuwa nimejiona mle ndani.

Ulinieleza mwenyewe kwamba yule mwalimu ndiye uliyempenda kuliko wote, kwa sababu alikuwa na jibu la kila kitu na aliwacheka wanafunzi wake wakitetemeka. Haya, nami nilikuwa hivyohivyo. Miaka ile ya tisini nilitoka Mhunze kijana kifua mbele, nikaenda kuchimba dhahabu upande wa Geita, na haikupita misimu mingi wakaanza kuniita Fundi. Shimo la kuchimbia tuliliita duara. Kuta zake tulizizuia kwa magogo, ndiyo matimba, yasipokuwepo ardhi inakumeza. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajashuka, kazi yangu ilikuwa kutangulia peke yangu na nyundo, nigonge timba moja baada ya jingine mpaka chini, nisikilize. Timba zima lina sauti kavu. Lililolemewa sauti yake ni nzito, kama unagonga gunia la mchanga. Nikipanda juu nasema neno moja tu, "Limeamka salama," na watu wanashuka bila kuuliza. Ndivyo kazi ilivyokuwa. Neno la fundi halikuulizwa.

Palikuwa na mwenzetu mmoja, Shija, aliyekuwa anatetemeka kila siku ya kushuka, na hafichi. Anasema wazi, jamani leo naogopa. Nilimcheka yule bwana mpaka nikiwaza sasa nasikia vibaya. Nilikuwa nikiwafundisha wageni namna ya kukanyaga ngazi, nawaambia mkitaka kujua msivyotakiwa kuwa, mtazameni Shija.

Basi asubuhi moja nikiwa nagonga, timba likaachia, udongo ukanifunika mpaka kifuani. Nilikaa pale nimebanwa, siwezi kuvuta pumzi nzima, mpaka walipokuja kunifukua. Nilipotoka nilicheka, nikanywa uji, nikawasimulia kama kichekesho. Wakanisifu sana. Ila kesho yake nilipoweka mguu kwenye ngazi, magoti yalikataa. Nikajilazimisha nikafika nusu, pale duara linapokata kona na walio juu hawakuoni tena, nikakaa kwenye kijukwaa cha udongo. Chini sikufika.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo penye aibu yenyewe. Walio juu walikuwa wanasikia nyundo. Kwa hiyo nilikaa pale nikaligonga timba moja, lilelile, mara nyingi, huku navuta muda, ili wadhani nashuka. Kisha nikapanda, nikajipangusa, nikasema, "Limeamka salama."

Nilifanya hivyo siku ile, na ya pili, na zilizofuata. Na mvua zilikuwa zimeanza. Yule mwalimu wa katuni yako alisingizia bega linamuuma, unakumbuka? Wewe ulichoka naye. Mimi nilimwelewa. Mtu aliyejijengea jina la kutoogopa, hofu ikimwingia hana pa kuipeleka. Wanafunzi wake wanaweza kulia mbele yake, yeye atamlilia nani?

Kati ya niliowafundisha alikuwepo Deusi, kijana wa Ushirombo, mtu wa kanisani, hashuki bila kufanya ishara ya msalaba. Alinipenda kuliko nilivyostahili. Asubuhi hiyo ninayokuambia, nilipopanda juu na uongo wangu, alinisogelea akasema kwa adabu kwamba jana alisikia timba la chini kabisa linalia. Akauliza kama nimeligonga hilo. Shija alikuwa pembeni anasikiliza, na wengine pia. Mwanangu, hapo ndipo ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja tu. Badala yake nikacheka nikamwambia, "Na wewe umeshaanza kuwa Shija? Nimegonga matimba yote." Wenzake wakacheka. Naye akacheka, akafanya ishara ya msalaba, akatangulia.

Hatukukaa sana tukasikia mlio, kisha vumbi likatoka mdomoni mwa duara. Alikuwa hai. Tulimsikia anaita, na aliyekuwa anamwita ni mimi. Fundi, Fundi. Nilishika kamba, nikaiachia. Nikasema nakwenda kutafuta watu wa kusaidia, na watu walikuwa wamejaa pale. Nilipogeuka nikamwona Shija anashuka, analia kabisa, machozi na makamasi, miguu inagonga ngazi kwa kutetemeka, lakini anashuka. Alimfukua kwa mikono na sururu mpaka wakamvuta. Deusi alipona, ila mguu wa kulia hospitali waliukata.

Nikawaambia watu kwamba timba lilikuwa zima nilipoligonga, ardhi ndivyo ilivyo. Wakaniamini. Wakanipa pole! Nilizipokea zile pole, mwanangu, nikazila na chakula.

Baada ya wiki kadhaa nikashindwa kula. Nikapanda gari mpaka Ushirombo, nikamkuta mama yake uani anapukuchua mahindi na Deusi kakaa kwenye mkeka. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniletea maji, kisha akanishukuru kwa kumfundisha mwanawe kazi. Hapo nikavunjika. Nilisema yote, ya kijukwaa na ya nyundo, nimeinamisha kichwa kama mtoto aliyeiba sukari.

Deusi alijisogeza ukingoni mwa mkeka. Kisha akasema, "Fundi, ungesema tu kwamba unaogopa. Mimi mwenyewe siku ile nilikuwa naogopa. Tungekaa juu wote."

Mama yake hakunitukana. Laiti angenitukana. Aliacha mahindi, akanitazama, akauliza, "Umetuambia sisi, ahsante. Wanaoshuka leo kwa neno lako, umewaambia?"

Sikuwa nimewaambia. Asubuhi ileile, kabla ya kupanda gari, nilikaa kwenye kijukwaa changu nikagonga timba langu moja, nikawaambia limeamka salama.

Sikumaliza maji yale. Nilirudi nimesimama garini njia nzima, nafika nakuta wametoka wote wazima, nikakaa chini kwenye matope. Niliwakusanya nikawaambia. Hakuna aliyenipiga. Walichukua nyundo mkononi mwangu wakampa Shija, na tangu hapo hakuna aliyeniita Fundi tena.

Mwanangu, kuogopa hakunitii aibu. Kila aliyeshuka mle aliogopa. Ninachokionea aibu mpaka leo ni kwamba niliificha hofu yangu, na mguu wa mtoto wa mwenzangu ndio ukalipa. Wewe una akili, kesho utakuwa mkubwa kazini, watu watakwenda kwa neno lako. Ukiogopa, sema, na useme kabla hawajatangulia. Na mwenzako akikwambia anaogopa, usimcheke. Ukimcheka leo, kesho utashindwa kusema ya kwako. Kama umeshadanganya, rudi siku hiyohiyo, usingoje mama wa mtu akuulize.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema naogopa, mwanangu, ng'wanawane, akupe na watu watakaokaa nawe juu ukilisema hilo. Uende salama, urudi salama, na kila anayekufuata arudi na miguu yake miwili.