Mwanamke Juu ya Paa la Baba

Kwetu Kenya uinjinia si kazi, ni cheo. Huwekwa mbele ya jina la mtu kama Mheshimiwa, na kwenye matanga lazima utajwe kwenye kipaza sauti. Injinia ni mtu wa kusimama kando na viatu safi akionyesha kidole, huku fundi akitoa jasho. Nilipopata nafasi ya kusomea umeme chuoni, kanisa letu huku Kabras lilipiga makofi, na baba yangu, mkulima wa miwa tangu ujana wake, akasimama akatangaza kwamba mtoto wake hatashika tena panga wala jembe. Hakuna aliyeuliza nitashika nini.

Nilishika kalamu. Katika kundi letu la wanne mimi ndiye niliyekuwa msichana pekee, na kila tulipoingia karakana wenzangu walichukua koleo na nyaya, mimi nikasukumiwa karatasi. "Madam, wewe tuandikie ripoti. Uko na mwandiko poa." Mwandiko! Kana kwamba stima inajua kusoma. Mhadhiri wetu aliyaona hayo na akanyamaza. Hakuwa mtu mbaya. Alilelewa tulikolelewa sote, mahali ambapo msichana mwenye grisi mikononi huulizwa ataolewa na nani.

Mwaka wa mwisho alitutaka tufunge umeme wa sola kwenye nyumba ya watu, naye angekuja kututazama. Kila mmoja angeonyesha kazi ya mikono yake mwenyewe, na asiyeonyesha angeanguka. Wenzangu wakachagua nyumba yetu, maana nguzo za stima zilikuwa zimeishia barabarani. Tulipogawana kazi nilidai paneli, yaani kuifunga juu ya mabati. Wakatazamana, wakacheka, wakakubali. Walijua sitapanda.

Walikuwa na sababu ya kujua. Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba, na akipanda paa la baba yake ni kama amemkalia kichwani. Wengine husema anamtakia kifo. Nimeyasikia hayo tangu utotoni na sikuwahi kuambiwa kwa nini. Ukiuliza unaambiwa, "Ndivyo ilivyo," na hapo mazungumzo yamekufa.

Siku ikafika. Nilivaa suruali, nikafunga spana kiunoni, nikaegemeza ngazi ukutani. Nilikuwa katikati ya ngazi senje yangu, dada mkubwa wa baba, alipotoka jikoni akipiga mayowe.

"Shuka! Mwanamke hapandangi nyumba! Unataka tumzike baba yako?"

Wenzangu wakatazama chini. Mhadhiri akasogea, akanisemesha kwa upole kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale.

"Shuka tu, binti yangu. Usiwakosee wazee. Alama zako nitakupa. Hawa wataimalizia."

"Alama za nini, Daktari?" nikauliza. "Za mwandiko?"

Mwanafunzi kwetu haulizi hivyo. Hunakili anachoambiwa na kukirudisha kwenye mtihani. Hasira ilikuwa imenishika vizuri kuliko ile ngazi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimepewa alama. Nilitaka kazi.

Senje akamgeukia baba. "Wewe ndiye mwenye boma. Mwambie mtoto wako!"

Baba aliitazama ngazi. Akamtazama mhadhiri, kisha dada yake. Kwangu hakuangalia.

"Mimi nakwenda kuona ng'ombe," akasema.

Ng'ombe alikuwa amefungwa nyuma yake, anatafuna. Baba akampita, akashika njia ya shambani kwenye miwa. Nikamwelewa mara moja. Kwetu mambo ambayo mwenye boma hakuyaona, hatalazimika kuyaamua. Alikuwa ananipa njia. Wasichana wengi wangeshukuru na kupanda upesi kabla hajarudi.

Mimi iliniuma kuliko mayowe ya senje. Yaani hata baba, aliyenitangaza kanisani, alinitaka niwe injinia pale tu asiponiona! Nikapanda hadi juu. Nikaipokea paneli kwa kamba, nikaiweka kwenye fremu, nikaanza kukaza bolti. Kisha nikainua spana nikayagonga mabati kwa nguvu zangu zote, hata jirani akatoka nje kutazama.

"Baba! Geuka! Mimi niko hapa!"

Alisimama ukingoni mwa miwa, mgongo kwangu. Senje akajifunika uso kwa leso. Nikagonga tena.

"Geuka unione, baba! Si mwizi mimi!"

Alikaa hivyo hadi nikadhani ataingia ndani ya miwa apotee. Halafu akageuka. Akaweka kiganja juu ya macho kuzuia jua, akanitazama juu ya nyumba yake, nimepiga magoti, spana mkononi, watu wote wakimtazama yeye.

Akarudi polepole hadi chini ya ukuta. Nilijiandaa kwa laana.

"Mama," akaniita, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, "kama ushapanda, basi angalia na hapo juu ya kitanda changu. Panavuja."

"Upande gani, baba?"

Akanyoosha mkono, akanielekeza.