Paka Aliyepakwa Mafuta ya Samaki

Mbwa akimlamba paka mwili mzima, kuanzia masikio hadi ncha ya mkia, humhesabu kuwa mtoto wake na hamgusi tena maisha yake yote. Hayo niliyapata Al-Sulay, kwenye maghala ambako sisi madereva husubiri mizigo, na niliyaamini kabisa, mimi niliyesoma biolojia shule ya usiku hadi mwalimu akaniogopa.

Aliyeniambia alikuwa dereva wa lori, Mkenya mwenzangu. "Buda, mpake paka mafuta ya samaki wa mkebe. Mbwa atafanya kazi mwenyewe. Halas, imekwisha, baba na mtoto!"

Nilikuwa na haraka ya kuamini. Bosi wangu, madam mmoja wa mtaa wa Malaz niliyemwendeshea gari, alikuwa na mbwa aliyelala mlangoni pa chumba changu, kiumbe pekee katika nyumba ile ambaye hakuwahi kunituma dukani. Sasa mamake madam, mzee wa Al-Nuzha kule Jeddah, alikuwa ameugua magoti na hawezi tena kumtunza paka wake. Paka aje kwetu. "Wakipigana," madam aliniambia, "mbwa anaenda shambani." Shamba lenyewe ni mchanga, mbuzi na jua, na mbwa wetu alizoea kulala chini ya AC.

Nikatumwa Jeddah kumchukua. Paka wa manyoya marefu, uso bapa kana kwamba aligonga mlango wa kioo akabaki hivyo. Hatujafika hata Taif akatapika kikapuni, kisha akakalia matapishi, kisha akajilamba. Nilifungua madirisha yote. Upepo wa jangwa ukaingia, harufu ikakataa kutoka. Naapa ngamia walio kando ya barabara walitugeuzia migongo.

Kesho yake alasiri, madam akiwa amelala, nikafungua mkebe jikoni nikaanza kupaka.

"Kaka, unamfanyia nini mnyama wa watu?" akauliza dada wa kazi, Mkenya kama mimi, pua ameiziba kwa leso.

"Sayansi, dada."

"Sayansi ndiyo inanuka hivyo? Mimi nimetoka hapa."

Mbwa alikuja bila kuitwa. Alilamba kwa ulimi mpana kama taulo, mate yakining'inia kama uji wa jana, na manyoya ya paka yakashikana mafungu mafungu hadi akafanana na tambara la kupigia deki choo cha stendi. Mimi nahesabu tu: sikio limekwisha, shingo imekwisha. Alipofika kwenye mkia, paka alimrarua pua.

Wakatimka hadi majlisi, sebule ya wageni. Ile majlisi ya mito ya rangi ya maziwa! Paka akapita juu ya kila mto, akasimama katikati ya zulia, akakohoa, akatoa donge la manyoya lenye ute wa kijani, refu kama kidole changu. Mbwa akalinusa. Akalila. Halafu akalitapika palepale, likiwa na marafiki. Nilikula wali mkavu wiki nzima, maana mchuzi wowote ulinikumbusha.

Madam akatokea, mtandio mdomoni. "Shambani! Leo!"

"Madam, tafadhali, mbwa hana makosa."

"Mafi kalam!" Hakuna maneno. Lakini paka ni wa mamake, kwa hiyo kwanza tukampeleka kwa daktari wa wanyama, mbwa naye nyuma, damu ikimkauka puani.

Daktari, Msudani mpole, alimnusa paka akarudi nyuma. "Nani kampaka huyu samaki?"

Nikamweleza yote, kwa fahari kidogo. Akanisikiliza hadi mwisho bila kucheka, kisha akamgeukia madam.

"Mbwa hawezi kumfanya paka mtoto wake kwa kumlamba. Alikuwa anakula samaki. Mwosheni paka, akae chumba chake, wanusane chini ya mlango mpaka wazoeane."

"Na mbwa?" madam akauliza.

"Mbwa abaki nyumbani. Hakufanya kitu."