Rangi za Kikwembe cha Mama
Siku hiyo tulikuwa watano nyuma ya nyumba yetu, kambini Dzaleka: mimi, wadogo zangu wawili wa kike, mama mshonaji jirani yetu aliyetoka Bukavu, na mpiga picha wa mtaa wa Chilinde, aliyetumwa na ofisi moja ya Lilongwe kupiga picha za maisha ya wakimbizi. Kwetu, Uvira, vita vilikuwa havijaisha.

Mama mshonaji alishika mkasi. Kwetu, matanga yakishapita, vikwembe, yaani vitenge, vya marehemu hugawanywa kwa binti zake. Mama yetu aliacha kimoja tu, nilichotoka nacho Uvira, na sisi tuko watatu. Nilitaka kipigwe picha kikiwa kizima, kwa sababu mdogo wetu wa mwisho hamkumbuki mama. Nilikaa, nikasimama, nikakikunjua, nikakikunja tena.

Mpiga picha alikuwa na kamera mbili, moja ya rangi na moja ya nyeusi-nyeupe. "Dada, nyeusi-nyeupe ndiyo picha ya kweli. Rangi inavuta macho, mtu anasahau uso."

"Mi nataka kikwembe. Nyeusi-nyeupe itakionyesha nini?"

Kwenye filamu ya rangi ilibaki picha moja tu, naye alikuwa ameshamwahidi mama mshonaji picha hiyo. Mama huyo alikuwa amejishonea blauzi ya njano, ili kaka yake aliyebaki Bukavu aone kwamba mambo yake ni mazuri. Alitutazama, kisha akaweka mkasi chini.

"Bapige hawa batoto. Mi unipige na ile nyeusi-nyeupe ya matanga."

"Mama, si ya matanga!" akasema mpiga picha.

"Kaka yangu atalia tu. Piga."

"Mama, nitakulipa," nikasema.

"Usinilipe makuta. Utanilipa rangi."

Picha zilipokuja, kikwembe kilionekana chote, kijani chake na rangi yake ya machungwa, nasi nyuma yake tumekunja macho kwa jua, hata hatutambuliki. Picha ya mama mshonaji ilikuwa uso tu: kila mstari, hata uchovu aliokuwa akituficha. Blauzi ilikuwa kama jivu.

"Njo mimi huyu," akasema, akigusa uso wake pichani. "Lakini blauzi yangu iko wapi?"

Akaituma hivyohivyo Bukavu. Jibu halikuja, na sijui kama kaka yake alilia.

Kipande changu cha kikwembe ninakifunga kichwani kila Jumapili. Blauzi ya mama mshonaji imeanza kupauka kwapani. Nikisikia kuna mtu wa kamera amefika, naacha nsima, ugali wa huku, jikoni nakimbia kumuuliza kama ana filamu ya rangi. Hadi leo sijamlipa mama huyo rangi yake.