Mashine ya Maharage ya Baba Naima

Mwanamume wa miaka arobaini na tisa akikuambia anarudi shule, kaa chonjo. Mimi nilikaa. Naitwa Chiku, nauza maharage sokoni Uyole, Mbeya, na siku mume wangu Yunusu aliponipa habari hiyo nilikuwa nimeshika bambo, kile chuma chenye mfereji tunachochomeka chini ya gunia kuona kilichofichwa. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba maharage yake ni safi mpaka chini. Nikachomeka, yakatoka yamejaa matundu. Nikamfukuza na gunia lake, kisha nikamgeukia mume wangu.

"Na wewe unasemaje, Baba Naima?"

"Nakwenda Iringa kusoma. Kuifundisha mashine."

"Kuifundisha nini?"

"Kutambua vitu. Unaionyesha picha nyingi, inajifunza yenyewe. Ni mwaka mmoja, kila Ijumaa baada ya sala mpaka Jumapili."

Wallahi nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu ya hiyo Ijumaa mpaka Jumapili. Niambieni ni wanaume wangapi wa Mbeya wenye kozi za siku hizo, na wanasoma nini.

Yunusu si mjinga, hilo nampa. Amezaliwa hapa hapa mjini, babu yake alitoka Kilwa na biashara ya chumvi akanogewa na baridi yetu. Alisoma mpaka kidato cha nne, akawa mtunza stoo wa kampuni ya malori ya Zambia kwa miaka ishirini na minne. Spea yoyote uliyoitaka alijua ipo rafu gani bila kufungua daftari. Kampuni ikafungwa, akarudi nyumbani na cheti cha shukrani. Akaomba kazi huku na huku, wakitazama mvi zake wanamwambia watampigia simu. Simu gani! Miaka miwili alikaa bandani kwangu akishona midomo ya magunia, na mtu akimuuliza hali anajibu "tupo", basi.

Lakini ana la kwake. Mwaka fulani aliniaga kwamba anakwenda Tunduma siku tatu, akakaa miezi minne. Aliporudi alinitazama machoni, bila kupepesa, akasema mzigo ulikwama mpakani. Mzigo wenyewe ulikuwa na jina na saluni. Nilimsamehe. Kusahau, thubutu!

Kwa hiyo kozi ilipoanza, machale yakanicheza. Akienda kuoga napekua simu. Nikakuta ujumbe wa mtu anaitwa Lea. Lea nani? "Mwalimu wetu," akasema, "ni mdogo kuliko Naima." Ujumbe wenyewe ulisema, "Mzee wangu usichoke, hesabu zitakuingia." Nikausoma mara tatu nikitafuta kilichojificha, sikukiona, na hiyo ikanitia wasiwasi zaidi. Darasani walikuwa watoto wa miaka ishirini na kitu, wanamwita mzee, wanamwachia kiti cha mbele. Usiniulize kwa nini hata hicho kiti kilinikera.

Mwezi wa tano akaanza kushukia Nyololo, njiani kwenda Iringa. Eti Jumamosi wanapewa kazi ya nje ya darasa, anapiga picha za maharage, maana anaifundisha mashine kutenganisha mazuri na mabovu.

"Uyole yote hii maharage yamejaa, wewe unayafuata Nyololo?"

"Lazima yatoke kwa wakulima mbalimbali, Mama Naima."

Jumamosi moja nikafunga banda, nikajitanda baibui nisilolivaa kila siku, nikamfuata. Nikaulizia, nikaelekezwa nyumba ya mwanamke anaitwa Rozalia.  Nikazunguka nyuma ya nyumba nikiwa tayari kwa vita, na nilichokuta ni bibi wa miaka sabini hivi na wenzake wa kwaya ya Kilutheri, wamekaa chini wanachambua maharage. Mume wangu amepiga magoti na simu. Mazuri yanabaki kwenye ungo, mabovu yanatupwa kwenye salfeti, lile gunia la plastiki, lililotandikwa chini, kama tunavyofanya sote. Yeye anapiga picha ya ungo, anageuka anapiga ya salfeti.

Hakushtuka hata kidogo. "Umekuja kunisaidia?"

"Nimekuja kuulizia bei," nikasema.

Rozalia alinielewa, alicheka mpaka akashika mbavu. "Karibu chai, dada. Huyu mzee wako anatazama maharage tu." Nilikunywa chai. Nikaomba choo pia, nikapita nikichungulia vyumba.

Mwisho wa kozi ukafika, vipindi vikaisha. Kampuni moja ya kununua mazao ingechukua mwanafunzi mmoja tu, na wakubwa wake wangekuja Jumatatu kuangalia kazi ya kila mtu. Alhamisi Yunusu alinieleza hayo. "Hii nikiikosa sina pengine. Nani atanichukua tena?" Nilimhurumia, sitaficha. Nilitaka aipate kazi ile kuliko alivyoitaka mwenyewe, nimechoka kumwona anashona magunia.

Akanionyesha mashine yenyewe ndani ya simu. Unapiga picha, inaandika "Safi" au "Bovu". Akasema inapatia tisini na nane kwa mia.

Tisini na nane! Miaka ishirini na mbili nipo sokoni, mimi mwenyewe sipati hizo. Usiku ule sikulala vizuri kwa hilo neno.

Jumamosi asubuhi akiwa bandani anapanga magunia, nikachukua simu yake. Nikateka maharage ya njano yaliyobunguliwa, ya kutupa kabisa, nikayaweka kwenye ungo wangu. Nikapiga picha. "Safi." Loo! Nikachukua yale niliyoyachagua kwa ajili ya wateja wangu wa hoteli, nikayamwaga kwenye salfeti. "Bovu." Nikarudia. Jibu lile lile.

"Baba Naima! Hebu njoo uone mwanafunzi wako."

Alirudia mwenyewe mara nane. Kisha akakaa juu ya gunia.

"Inatazama ungo," akasema. "Haikujifunza maharage. Imejifunza ungo na salfeti."

Picha zake zote, kwa maelfu, zilikuwa hivyo. Kila mwanamke wa Nyololo anachambua hivyo, nami nachambua hivyo, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Akashinda anaipima upya akichanganya mahali pa kuweka. Kufika alasiri, tisini na nane zimekuwa hamsini na tatu. Hata ukifumba macho ukabahatisha unapata hizo.

Sasa hapa niseme ukweli. Nilimshika mkono nikamwambia, "Nyamaza. Jumatatu waonyeshe zile picha zako za zamani. Ukishaingia kazini utarekebisha taratibu."

"Na mkulima atakayekataliwa maharage yake kwa sababu kayaanika kwenye salfeti?"

"Atajijua! Miaka miwili wewe nani alikujali?"

Akanigeuzia mgongo, akaendelea kupima. Yunusu akinigeuzia mgongo naogopa.

Jumatatu nikafuatana naye Iringa. Sikwenda kumtia moyo, nilikwenda kuona atasema nini. Nikakaa nyuma kabisa. Kijana mmoja, Fanueli, alitangulia na kazi yake ya nyanya, akapigiwa makofi. Akaitwa Yunusu. Akasimama na kofia yake ya sala, bwana mkubwa wa kampuni, Ezekia, akamuuliza, "Mzee wetu, yako inapatia ngapi kwa mia?"

Mungu anisamehe, niliomba adanganye. Niliomba awape macho yale yale aliyonipa mimi aliporudi Tunduma.

"Wiki iliyopita ningewaambia tisini na nane," akasema. "Jumamosi mke wangu aliipima. Ni hamsini na tatu."

Akawaonyesha kila kitu, ungo na salfeti, na alipokosea. Vijana wakacheka chini chini, mwalimu wao Lea akawakazia macho, wakanyamaza. Bwana Ezekia akavua miwani.

"Mzee, usingesema, leo tusingejua."

"Leo msingejua," Yunusu akakubali.

Kazi alipewa Fanueli. Yunusu akaambiwa akapige picha upya, arudi baada ya mavuno, wataangalia. Hawakuahidi kitu.

Nje nikampa makavu. Nikamwita mpumbavu, nikamwambia kaitema kazi ikiwa mdomoni tayari. Watu wakageuka kututazama, sikujali. Alisikiliza mpaka pumzi ikaniisha.

"Ningewadanganya wale," akasema, "nawe umekaa pale unanitazama, jioni ningerudi nyumbani na sura gani, Mama Naima?"

  Miaka yote nimemchunga mtu huyu asidanganye, na siku ile katika ukumbi mzima aliyekuwa na uongo ni mimi.