Jenerali Asiyerudi Kwao

Harufu ya ngozi mpya hunirudisha kwenye basi la kwenda Shiling, mji wa viwanda vya ngozi nje ya Guangzhou, China, tukienda kununua mikoba ya kuuza. Papa, yaani baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa historia Kongo, alinisimulia habari za jenerali Mfaransa wa askari wa farasi. Baba wa jenerali huyo alikuwa na nyumba ya wageni kijijini. Jenerali alishinda vita, Napoleon akamfanya mfalme wa nchi nyingine, mwisho akapigwa risasi ugenini.

“Papa, kwa nini hakurudi kwao mapema?”

Papa aligusa mfuko wa shati. Mfukoni alikuwa na barua ya shule yake ya zamani kule Kongo, ikimwomba arudi kufundisha.

“Kila mara alitaka kwanza awe mkubwa zaidi,” akasema.

Tulipofika, alinunua mkoba mmoja tu, wa kumpelekea mama nyumbani Kongo.